Kwa nini Jaramogi hakuupata urais

Ukitoka Kitale kwenda Lodwar, njia hupita Kapenguria, ikateremka milima ya Wapokot kwa kona zisizokwisha, kisha ikatua katika nchi tambarare ya joto na miba. Mji wa kwanza wa Waturkana baada ya mteremko huo ni Kainuk. Si mji mkubwa. Sisi watu wa Pwani jina lake hulisikia redioni tu, pale mifugo inapoporwa au gari linaposhambuliwa mpakani mwa Turkana na Pokot. Hata hivyo, leo nataka kumzungumza marehemu Jaramogi Oginga Odinga, mtu wa Bondo kando ya Ziwa Victoria, nikianzia Kainuk, na msomaji aniwie radhi kwa mzunguko huu, maana sababu yake imo njiani humo humo.

Kapenguria, unayoiacha nyuma kabla ya kufika Kainuk, ndipo Jomo Kenyatta na wenzake watano walipofunguliwa mashtaka mwisho wa mwaka 1952 na kuhukumiwa Aprili 1953. Mbele ya Kainuk iko Lodwar, na mbele zaidi, kaskazini, iko Lokitaung, walikofungwa. Kenyatta alipomaliza kifungo mwaka 1959 hakurudishwa kwao. Alihamishiwa Lodwar akae chini ya ulinzi, na hapo akakaa mpaka Aprili 1961 alipopelekwa Maralal. Odinga hakupata kufungwa upande huu. Lakini sioni mwanasiasa mwingine wa wakati ule ambaye jina lake lilijengwa, na baadaye likavunjwa, kwa ajili ya wafungwa wa jangwa hili kama yeye. Na ilipofika siku ya kupiga kura za urais, tarehe 29 Desemba 1992, jangwa hili lilimpa kura mtu mwingine.

Alizaliwa mwaka 1911 katika kijiji cha Nyamira Kang'o, Bondo. Alisoma Maranda, Maseno, Alliance na Makerere, akarudi Maseno kufundisha. Kazi ya ualimu haikumkalisha. Alikuwa na fikira kwamba Mwafrika asiye na mali yake mwenyewe atabaki kuamrishwa, basi baada ya vita vikuu vya pili akaanzisha kampuni ya biashara ya Wajaluo, Luo Thrift, akizunguka vijijini kukusanya hisa za watu wadogo wadogo, shilingi kwa shilingi. Kampuni ilijenga majumba na kupiga chapa magazeti. Haikuwatajirisha wenye hisa, lakini ilimfanya Odinga afahamike katika kila boma la Nyanza ya Kati, na Wajaluo walioajiriwa Mombasa, Nairobi na Kampala wakamjua pia. Umoja wa Wajaluo ukampa cheo cha Ker, yaani mkubwa wao. Majina ya ubatizo aliyaacha, akavaa kofia ya shanga na kushika usinga. Jina Jaramogi, mtu wa Ramogi, ni la kumnasibisha na babu wa kabila zima.

Nalitaja jambo hili mapema kwa makusudi. Heshima ile ya Nyanza ndiyo iliyompa nguvu maisha yake yote, na ndiyo hiyo hiyo, mbele ya mpiga kura wa Murang'a au wa Kainuk, iliyomfanya aonekane mzee wa watu wengine.

Mwaka 1957 Waafrika waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Odinga alimshinda Ohanga, aliyekuwa tayari waziri, kwa kura nyingi. Mwaka uliofuata, Juni 1958, akasimama barazani akasema kuwa wale waliofungwa huko kaskazini, Kenyatta na wenzake, ndio ambao watu bado wanawahesabu kuwa viongozi wao. Wazungu walipiga kelele. Hata wajumbe wenzake Waafrika walitishika, wengine wakajitenga naye, kwani katika siku hizo kulitaja jina la Kenyatta kwa wema kulikuwa kama kuitaja Mau Mau yenyewe. Lakini jina likishatajwa halirudi kinywani. Miezi michache baadaye likawa wito wa nchi nzima.

Uchaguzi wa 1961 uliipa KANU viti vingi kuliko KADU. Odinga alikuwa makamu wa rais wa chama, na lau angalitaka madaraka, mlango ulikuwa wazi kwake na kwa wenzake. KANU ikakataa kuunda serikali maadamu Kenyatta yumo kizuizini Lodwar, na Odinga ndiye aliyekuwa mkali zaidi juu ya sharti hilo. Gavana akamgeukia Ronald Ngala, mwana wa Pwani yetu, naye akaiongoza serikali ile ya KADU. Wazee wetu wengi bado wanamkumbuka Ngala kwa majimbo na kwa kuitetea Pwani. Wachache wanakumbuka kwamba nafasi ile aliipata kwa sababu watu wengine waliiacha kwa ajili ya mfungwa. Alhasili Kenyatta akafunguliwa Agosti 1961, KANU ikashinda tena mwaka 1963, na Desemba 1964 Jamhuri ilipozaliwa, Odinga akawa Makamu wa Rais wa kwanza.

Hakudumu. Ugomvi ulikuwa juu ya mashamba ya Wazungu. Yeye na wenzake walitaka wasio na ardhi wapewe bila ya kutozwa fedha nyingi. Serikali ilitaka yauzwe. Ulikuwa pia juu ya urafiki wake na Uchina na Urusi, alizokuwa amezizuru mwaka 1960. Machi 1966, katika mkutano wa Limuru, cheo chake cha chama kiligawanywa kikawa vyeo vinane, kimoja kwa kila mkoa, na cha kwake hakikusalia. Mwezi uliofuata akajiuzulu akaunda chama cha KPU. Waliomfuata wakalazimishwa kurudi kwa wapiga kura upya.

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, kushindwa kwa 1992 kulikoanzia. Miongoni mwa waliomfuata Odinga alikuwamo Bildad Kaggia, mmoja wa wale sita wa Kapenguria, mtu aliyeteseka Lokitaung pamoja na Kenyatta na kurudi maskini kama alivyokwenda. Kaggia alikuwa akiwatetea wasio na ardhi, na jimbo lake la Kandara lilijaa watu wa namna hiyo. Kwa hesabu ya akili tu, angepita. Akaangushwa. Mpiga kura wa Kandara alikuwa anajua vizuri nani anayemtetea, lakini alijua pia mwenye serikali ni nani, na kwamba kumchagua mtu wa Odinga ni kujitenga na nyumba iliyokuwa imeshika mwiko na chungu. Achieng Oneko, mfungwa mwingine wa Kapenguria, naye akakosa kiti chake. Nyanza ya Kati ikabaki na Odinga, na tangu siku hiyo watu wa mikoa mingine wakazoea kumhesabu kuwa ni mtu wa upande mmoja, ijapokuwa madai yake yalikuwa ya maskini wote.

Mwaka 1969 ukaongeza uchungu juu ya uchungu. Julai akauawa Tom Mboya. Wakikuyu wengi wakapelekwa Gatundu kula kiapo cha kuulinda uongozi usivuke kwenda kwa wengine. Oktoba 25 Kenyatta akaenda Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Urusi, akajibizana hadharani na Odinga, mawe yakarushwa, risasi zikapigwa, watu wakafa. KPU ikapigwa marufuku, Odinga akawekwa kizuizini mpaka Machi 1971. Watoto waliozaliwa mwaka huo, huku na huku, walilelewa kwa hadithi mbili tofauti za siku ile moja ya Kisumu. Mwaka 1992 walikuwa na miaka 23, umri wa kupiga kura.

Miaka ishirini iliyofuata naipita upesi. Kila uchaguzi ulipokuja alizuiwa kugombea. Rais Moi alipoingia alimpa uenyekiti wa bodi ya pamba mwaka 1980, ikaonekana mambo yatatengenea. Mwaka 1981 akiwa hapa Mombasa akasema hadharani kuwa aligombana na Kenyatta kwa sababu ya unyakuzi wa ardhi, na kwa maneno hayo mlango ukafungwa tena. Mwaka 1982 alipojaribu kuunda chama akafukuzwa KANU, na Katiba ikageuzwa ili Kenya iwe ya chama kimoja kwa sheria. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti mwaka huo akafungiwa nyumbani kwake.

Agosti 1991 akatokea tena, mzee wa karibu miaka 80, kati ya watu sita waliotangaza FORD. Wenzake walikuwa Masinde Muliro, Martin Shikuku, Philip Gachoka, George Nthenge na Ahmed Salim Bamahriz wa Mombasa. Utaona walivyochaguliwa, kila mmoja na upande wake wa nchi, na Pwani haikusahauliwa. Desemba mwaka huo chama kimoja kikaondolewa katika Katiba. Miezi ile ya mwanzo, nani angalidhani kuwa KANU itapona?

FORD ikapasuka. Kenneth Matiba alitaka mgombea achaguliwe na wanachama wote moja kwa moja. Odinga alitaka achaguliwe na wajumbe. Kwa nje ulikuwa ugomvi wa kanuni, lakini kila mtu alijua kwamba kila mmoja alishika kanuni itakayompitisha yeye. Muliro, ambaye huenda angaliweza kuwapatanisha, alifariki Agosti 1992 akiwa ndiyo kwanza anarejea nchini kwa ndege. Hata Oktoba, zikaandikishwa FORD mbili, ya Odinga ikiitwa Ford-Kenya na ya Matiba Ford-Asili. Mwai Kibaki alikwisha kuwa na DP yake. Mzee aliyeacha madaraka 1961 kumngojea mfungwa wa Lodwar, mara hii hakumwachia mtu, wala hapakuwa na mtu aliyemwachia yeye. Simlaumu sana. Mtu wa miaka 81 hana uchaguzi ujao wa kuungojea.

Matokeo yanajulikana. Moi alipata kura 1,962,866, Matiba 1,404,266, Kibaki 1,050,617, na Odinga 944,197, wa nne. Wanne wengine waliambulia makombo, akiwamo Chibule wa Tsuma, mtu wa Pwani, aliyepata kama kura elfu kumi. Watu hujumlisha kura za wapinzani watatu wakubwa, wakapata karibu milioni tatu na laki nne, wakasema basi ni mgawanyiko tu uliomwangusha Jaramogi. Hesabu hii ni ya duka: ratili ya mchele na ratili ya mchele ni ratili mbili. Kura si mchele. Katika Mkoa wa Kati Odinga hakupata hata mbili katika kila mia, ijapokuwa makamu wake wa kwanza katika Ford-Kenya alikuwa Paul Muite, Mkikuyu na wakili mwenye jina. Lau Matiba angalijitoa, kura zake zingekwenda kwa Kibaki kabla ya kufika Bondo. Kumbukumbu za 1966 na 1969 zilikuwa zimekaa katikati ya njia.

Sheria nayo ilikuwa mpya. Mshindi hakutakiwa kuwa na kura nyingi tu, bali apate robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Moi aliipata hiyo mitano: Bonde la Ufa, Pwani, Magharibi, Mashariki na Kaskazini Mashariki. Odinga alipata robo katika mmoja tu, Nyanza, ambako kura tatu katika kila nne zilikuwa zake. Kwa hiyo hata angaliongoza kwa kura, bado angalihitaji mahali kama Kainuk.

Nilipita Kainuk na kuwauliza wazee kuhusu mwaka ule, maana kitabuni utapata tarakimu lakini hutapata namna mtu alivyofikiri alipokuwa na karatasi mkononi. Mzee mmoja mfugaji alinifahamisha kwamba mwaka 1992 ulikuwa wa ukame, mbuzi wakifa, na mahindi ya msaada yalifika kwa lori la serikali na kugawiwa mbele ya chifu. Chifu alikuwa mtu wa serikali, na serikali ilikuwa ni KANU. Bunduki za walinzi wa kijiji, zilizowazuia waporaji wa mifugo, nazo zilikuwa za serikali. Odinga alimjua kwa jina. Alimjua kuwa mtu mkubwa wa zamani. Lakini hakuona ni kwa njia gani mtu mkubwa huyo angeyaleta mahindi Kainuk siku ya Jumanne ikiisha. Nikamwuliza kuhusu alama za vyama, kwa kuwa wengi hawakuwa na kisomo na walichagua kwa picha. KANU ilikuwa na jogoo, Ford-Kenya ilikuwa na simba. Akacheka. Mfugaji na simba, ndugu msomaji, hawajapata kupatana.

Kuna na mambo mengine aliyokuwa akiyaona kwa macho. Lami ya njia ya Kitale hadi Lodwar iliwekwa miaka ya themanini, kwa fedha za Norway, lakini kwa mtazamaji wa kando ya njia ilikuwa lami ya Moi. Bwawa la Turkwel, si mbali na Kainuk, lilijengwa kuanzia 1986 na kumalizika kabla tu ya uchaguzi. Umeme wake ulipita juu ya vichwa vya wenyeji kwenda Lessos, wao wakabaki na vibatari. Ungedhani jambo hilo lingewaudhi wawape kura wapinzani. La. Aliyejenga bwawa ndiye aliyetazamiwa kuuleta umeme siku moja. Mpinzani hakuwa na hata nguzo.

Nisiseme kwamba watu waliachwa wachague kwa raha zao. Redio ilikuwa moja tu, ya serikali. Katika sehemu za Bonde la Ufa wapinzani walizuiwa kuwasilisha karatasi zao, hata wagombea kadhaa wa KANU wakapita bila kupingwa. Mapigano ya kikabila ya 1991 na 1992 yaliwafukuza maelfu ya watu makwao, na wengi wao walikuwa wa makabila yaliyodhaniwa ni ya upinzani. Vijana wengi mno waliotimiza umri hawakuandikishwa kwa kukosa kipande. Na fedha zilimwagwa kwa namna ambayo noti mpya ya shilingi 500 ilipewa jina la Jirongo, kiongozi wa vijana wa KANU. Yote hayo ni kweli, na yalimsaidia Moi. Lakini mtu hanunuliwi kwa bei ndogo kama tayari ana sababu ya kumtaka mnunuzi mwingine. Nyanza fedha zilikwenda pia, zikaliwa, na simba akapigiwa kura.

Na sisi Pwani je? Tusiwacheke watu wa Kainuk. Mwaka ule chama cha Islamic Party of Kenya kilinyimwa uandikishaji, Sheikh Khalid Balala akatiwa ndani, mji wa Mombasa ukapambana na polisi. Wengi wa wafuasi wa chama kile wakampigia debe Jaramogi, na Ford-Kenya ikapata Kisauni na Likoni. Mvita ikabaki kwa Shariff Nassir na KANU yake. Ukitoka mjini, kura za mkoa zikamwendea Moi, kama sita katika kila kumi, na Odinga hakufika robo. Nimewasikia watu wa Pwani wakieleza sababu, nazo hazikuwa mbali na zile za mzee wa Turkana: Moi alikuwa mtu wa KADU pamoja na Ngala, hakuwa wa kabila kubwa, na aliyeogopa kumezwa na watu wa bara aliona heri huyu amjuaye. Kwamba Odinga alipoteza cheo mwaka 1981 kwa kuisema habari ya ardhi hapa hapa Mombasa, jambo linalotuuma kuliko yote, halikukumbukwa na wengi.

Jaramogi aliingia bungeni kwa kiti cha Bondo, na mwaka 1993 akawa kiongozi rasmi wa upinzani. Akaanza kuzungumza na Moi juu ya kushirikiana, akiona watu wake wamekaa nje muda mrefu mno, na vijana wa chama, kina Muite, wakajitoa kwa hasira. Ikajulikana pia kwamba alipokea shilingi milioni 2 kutoka kwa Kamlesh Pattni, mtu wa kashfa ya Goldenberg. Hakukana. Alisema zilikuwa mchango wa uchaguzi. Doa hilo ni la mwisho wa maisha yake, na silifichi, ila nadhani hata hapo alikuwa ameshaifahamu siri ambayo mzee wa Kainuk aliifahamu tangu zamani, kuwa nje ya serikali hakuna mahindi.

Alifariki Kisumu tarehe 20 Januari 1994, akazikwa Bondo. Mwanawe Raila akagombea urais mara tano, 1997, 2007, 2013, 2017 na 2022, bila kutangazwa mshindi hata mara moja, naye akafariki Oktoba 2025. Kiti cha Bondo kilipobaki wazi mwaka 1994 kulifanywa uchaguzi mdogo, na watu wa huko wakampa mwanawe mwingine, Oburu.